Uzi maalumu wa Antonio Di Natale: mabao 209 Serie A, hana kombe, na Juventus aliikataa

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kila tukianza kutaja mastraika wa Italia humu, majina ni yale yale: Baggio, Del Piero, Totti, Vieri, Inzaghi. Wanastahili. Lakini yupo mtu mmoja ambaye ukiifungua orodha ya wafungaji wa Serie A, ligi kuu ya Italia, wa nyakati zote unamkuta nafasi ya sita, juu ya Roberto Baggio mwenyewe, na vijana wengi wanaokesha na mpira hawamjui hata kwa sura. Antonio Di Natale. Waitaliano wanamwita Totò.

Mabao yake ya Serie A ni 209. Baggio ana 205. Waliomzidi ni Silvio Piola (274), Francesco Totti (250), Gunnar Nordahl (225), kisha Giuseppe Meazza na José Altafini wenye 216 kila mmoja. Yatazameni hayo majina. Meazza ndiye ambaye uwanja wa San Siro umepewa jina lake rasmi. Huyu wetu ni mtu wa sentimita 170, aliyecheza klabu mbili tu kwenye ligi kuu, Empoli na Udinese. Hakuwahi kuvaa jezi ya Milan, Inter, Juventus wala Roma.

Hakushinda ubingwa wa ligi, wala Coppa Italia, wala kombe la Ulaya. Hapo ndipo watu wengi wanapomweka pembeni. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili tubishane vizuri: nasema Di Natale ni mmoja wa wafungaji wakubwa kabisa waliowahi kutoka Italia, na kwamba kubaki kwake Udine ndiko kulikomfanya awe hivyo. Angehama mapema tusingekuwa na mabao 209 ya kujadili.

Nitaandika kwa vipande. Mwenye swali aulize katikati, asisubiri nimalize.

#2 Mleta uzi

Tuanze na utoto wa soka lake, maana hapa ndipo pana fundisho kwa wanaomkatia tamaa mchezaji akiwa na miaka 22.

Alizaliwa Napoli tarehe 13 Oktoba 1977. Akaondoka kusini akiwa kijana mdogo kwenda Empoli, mji mdogo wa Toscana wenye klabu inayosifika kwa kulea vipaji. Msimu wa 1996/97 akagusa Serie B, daraja la pili, kwa mara ya kwanza, kisha wakampeleka kwa mkopo: Iperzola, Varese, Viareggio. Hizo ni timu za madaraja ya chini, viwanja vidogo, mabeki wanaokanyaga vifundo. Wenzake wa rika lake walikuwa tayari wanang'aa Serie A. Totti alizaliwa mwaka mmoja kabla yake, na mwaka 1998 alikuwa ameshakabidhiwa kitambaa cha unahodha wa Roma. Totò alikuwa anatafuta namba Viareggio.

Aliporudi Empoli akakutana na kocha Silvio Baldini. Msimu wa 2001/02 akafunga mabao 16 Serie B na timu ikapanda. Alicheza Serie A kwa mara ya kwanza Septemba 2002, akiwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 25. Umri huo huku kwetu mchezaji ambaye hajatoka anaanza kuitwa mzee.

Msimu huo wa kwanza alifunga 13 na Empoli ikabaki ligi kuu. Novemba 2002 Giovanni Trapattoni akamwita timu ya taifa, akacheza dhidi ya Uturuki pale Pescara. Yaani miezi miwili na kidogo baada ya kuionja Serie A alikuwa amevaa jezi ya bluu. Msimu uliofuata ukawa mbaya, mabao 5, Empoli ikashuka, na majira ya joto ya 2004 Udinese wakamchukua.

#3 Mchangiaji

Mkuu tiririka. Mimi ni Gunner damu, na huyu mtu namkumbuka kwa uoga. 2011 mchujo wa Ligi ya Mabingwa tulikuwa tumejaa bandani, Arsenal ikienda kwao. Ametupiga kichwa, mtu mfupi vile, katikati ya mabeki wetu. Bila Szczęsny sijui ingekuwaje.

#4 Mleta uzi

Kumbukumbu yako iko sawasawa kaka, na ngoja niisimulie hapa hapa kwa wasioijua.

Agosti 2011. Arsenal walikuwa wameshinda 1-0 nyumbani kwao Emirates kwa bao la Walcott la dakika za mwanzo kabisa. Mechi ya marudiano Udine, dakika ya 39, Di Natale akafunga kwa kichwa, jumla ikawa 1-1. Kipindi cha pili van Persie akasawazisha. Dakika chache baadaye Udinese wakapata penalti, mpigaji ni yeye. Wojciech Szczęsny, wakati huo kijana wa miaka 21, akaruka na kuipangua kwa mkono mmoja. Walcott akamaliza kazi, 2-1. Siku nne baadaye Arsenal hao hao walipigwa 8-2 na Manchester United pale Old Trafford, kwa hiyo mnaweza kupima jinsi timu ile ilivyokuwa imetetereka. Udinese waliikosa nafasi iliyokuwa wazi kabisa.

Penalti ile imebaki kichwani mwa watu kuliko kichwa alichofunga. Inaniuma, kwa sababu ndivyo anavyokumbukwa nje ya Italia: mtu wa kukosa. Nitarudi kwenye hilo nikifika timu ya taifa.

#5 Mleta uzi

Sasa Udinese. Kwanza muijue klabu yenyewe.

Udine ni mji wa watu wapatao laki moja, kaskazini mashariki ya mbali, Austria na Slovenia ziko jirani. Klabu haijawahi kuchukua ubingwa wa Italia, mara waliyoukaribia zaidi ni nafasi ya pili msimu wa 1954/55. Familia ya Pozzo imeishika tangu 1986, na njia yao inajulikana: wanatafuta vijana wasiojulikana dunia nzima, hasa Amerika ya Kusini na Afrika, wanawakuza, wanawauza kwa bei kubwa. Alexis Sánchez alitoka Cobreloa ya Chile akapitia hapo. Kwadwo Asamoah wa Ghana, Medhi Benatia wa Morocco, Juan Cuadrado, Mauricio Isla, Samir Handanovič, wote wamepita mlango huo.

Sasa fikirini hali ya nahodha wa timu kama hiyo. Kila mwaka unazoea mtu wa kukupigia pasi, majira ya joto anauzwa. Unaanza upya na kijana mwingine asiyejua hata Kiitaliano. Di Natale amefanya hivyo kwa misimu 12.

Alipofika 2004 kocha alikuwa Luciano Spalletti. Mbele walikuwa Vincenzo Iaquinta, David Di Michele na yeye, akitokea upande wa kushoto. Walimaliza nafasi ya nne, Udinese ikaingia Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza katika historia yake, kundi moja na Barcelona ya Ronaldinho. Mabao yake ya ligi yalikuwa ya winga: 7, kisha 8, kisha 11.

Shikeni hesabu hii, maana ndiyo nguzo ya hoja yangu. Mpaka majira ya joto ya 2007, akiwa na miaka 29, Di Natale alikuwa na mabao 44 tu ya Serie A. Mengine 165 aliyafunga baada ya hapo. Karibu mabao manne kati ya kila matano ya maisha yake ya ligi kuu yamekuja katika umri ambao mawakala huanza kutafuta mkataba wa mwisho Uarabuni.

#6 Mchangiaji

Duh! 165 baada ya miaka 29? Hapo sasa inabidi utueleze ilikuwaje, mtu habadiliki tu ghafla.

#7 Mleta uzi

Swali zuri ndugu, na jibu langu lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni nafasi uwanjani. Msimu wa 2007/08 chini ya kocha Pasquale Marino alicheza na Fabio Quagliarella na Simone Pepe, akafunga 17. Msimu uliofuata 12, ingawa aliumia, na Udinese wakafika robo fainali ya Kombe la UEFA. Kisha 2009 Quagliarella akauzwa Napoli. Di Natale, aliyezoea kuanzia pembeni, akawa ndiye mtu wa mwisho mbele. Hakuwa na urefu wa kupigana na mabeki wa kati, kwa hiyo hakupigana nao. Alisimama kwenye bega la beki, mgongoni pake ambapo beki haoni, akisubiri sekunde ile kiungo anapoinua kichwa. Akiondoka, anaondoka kwa mkato wa nje kwenda ndani ili asiotee. Mpira ukimfikia hahitaji kuutuliza mara mbili. Anapiga ukiwa hewani, anapiga kwa mguu wowote, anaudokoa juu ya kipa aliyetoka. Mtazameni miguu kabla ya mpira kufika, hatua zake fupi za kujipanga, pale ndipo bao linapofungwa.

Mabao ya namna hiyo hayategemei mbio. Winga akifika miaka 31 akapoteza hatua moja, kwisha. Mtu anayefunga kwa muda na kwa jicho anazidi kuwa mkali kadiri anavyowasoma mabeki.

Ya pili ni utulivu wa maisha. Alikuwa mahali anapotakiwa, anapojulikana, ambapo mechi mbili bila bao hazimpeleki benchi. Hii ya pili watu huidharau.

Matokeo: msimu wa 2009/10 mabao 29, mfungaji bora wa Serie A akiwa na miaka 32. Aliyemfuata ni Diego Milito mwenye 22, na Milito mwaka huo alichukua kila kitu na Inter ya Mourinho. Udinese ilimaliza nafasi ya 15! Timu nzima ilifunga 54, zaidi ya nusu ni ya mtu mmoja. Nimejaribu kufikiria mfungaji bora mwingine wa zama hizi aliyefunga hivyo akiwa na timu inayochungulia kushuka daraja, simpati kirahisi.

Msimu uliofuata akarudia, mabao 28, mbele ya Edinson Cavani wa Napoli mwenye 26. Muitaliano wa mwisho kuwa mfungaji bora misimu miwili mfululizo kabla yake alikuwa Giuseppe Signori wa Lazio, 1993 na 1994.

#8 Mchangiaji

Mkuu heshima kwako, uzi umeshiba. Ila mimi sikubaliani. Mpira ni makombe. Juventus wanakuita, una miaka 32, unakataa? Huko ni kuogopa ushindani. Ukubwa unapimwa kwenye presha, siyo Udine ambako ukikosa bao hakuna anayekuzomea. Inzaghi ana mabao machache Serie A kuliko huyo lakini ana Ligi ya Mabingwa mbili na Kombe la Dunia.

#9 Mleta uzi

Nilijua hoja hii itakuja, na nimefurahi umeileta kwa heshima. Nijibu kwa utaratibu.

Majira ya joto ya 2010 Juventus walimtaka, klabu zikaelewana, yeye akasema hapana. Alisema maisha yake na familia yake yako Udine. Wengi walimcheka. Juventus wakamchukua Quagliarella badala yake, pamoja na Pepe.

Sasa kuhusu kuogopa. Juventus ya 2010 haikuwa ile mnayoifikiria. Ilikuwa imetoka kumaliza nafasi ya saba, na msimu ambao angekuwa amehamia ikamaliza ya saba tena. Msimu huo huo Udinese ilimaliza ya nne. Aliyebaki ndiye aliyecheza mchujo wa Ligi ya Mabingwa, si waliohama. Ni kweli mwaka 2012 Juventus walichukua ubingwa, wakaendelea kwa miaka tisa. Lakini 2010 hakuna aliyejua hilo, na Di Natale angefika pale akiwa na miaka 33 msimu ukianza kunoga, akigombea namba na Del Piero, Quagliarella na Iaquinta. Mabao 28 yale angeyafunga wapi?

Pia ndugu yangu, presha ya Udine unaifanya ndogo. Kwenye timu kubwa ukikosa wewe anafunga mwingine. Udinese ikikosa bao la Totò ilikuwa haina bao. Beki kila Jumapili anaingia uwanjani na maagizo mamoja: mzuie namba 10. Presha ya kujulikana kuwa wewe ndiye pekee ni presha nyingine.

Kuhusu Inzaghi nakubali bila ubishi. Pippo ni muuaji wa fainali, mabao yake mawili ya Athens 2007 hayasahauliki. Simlinganishi ili nimshushe. Nasema tu medali za Inzaghi zina Maldini, Pirlo, Seedorf na Kaká ndani yake. Mabao 29 ya 2009/10 yana nani ndani yake?

#10 Mleta uzi

Naendelea, maana miaka ya kocha Francesco Guidolin ndiyo tamu kuliko yote.

Guidolin alianza 2010/11 kwa kupoteza mechi nne za kwanza. Kwenye klabu nyingine angefungashwa virago. Wakamwachia, akatulia kwenye mfumo wa mabeki watatu na viungo watano: Isla na Pablo Armero wakipanda na kushuka pembeni, Asamoah, Gökhan Inler na Giampiero Pinzi katikati, Sánchez akizurura nyuma ya Di Natale. Sánchez alikuwa akikokota mabeki wawili mpaka nafasi ifunguke, Totò anaingia kwenye nafasi hiyo. Walielewana kama ndugu wa tumbo moja wanaogawana ugali gizani bila kugongana mikono.

Tarehe 27 Februari 2011 walikwenda Palermo. Palermo ile haikuwa ya mchezo, ilikuwa na Pastore na Iličić. Udinese wakashinda 7-0 ugenini. Sánchez manne, Di Natale matatu.

Kiangazi kilichofuata, kama kawaida ya nyumba ile, Sánchez akauzwa Barcelona, Inler akaenda Napoli. Kila mtu akasema Udinese itaporomoka. Msimu wa 2011/12 wakamaliza nafasi ya tatu, na Di Natale akafunga 23. Wakauza tena: Handanovič kwenda Inter, Asamoah na Isla kwenda Juventus. Akafunga 23 tena, akiwa amefikisha miaka 35.

Agosti 2012 ulikuwa mchujo mwingine wa Ligi ya Mabingwa, dhidi ya Braga ya Ureno. Sare 1-1 mara mbili, zikapigwa penalti, na Mbrazili Maicosuel akajaribu kuudokoa mpira katikati ya goli. Kipa hakuruka, akaudaka kirahisi. Nafasi ya mwisho ya Totò kurudi kwenye hatua ya makundi ikaondoka hivyo, kwa mguu wa mtu mwingine. Wiki chache baadaye, kwenye Europa League, aliingia Anfield na kusawazisha mwanzoni mwa kipindi cha pili, Udinese wakashinda 3-2. Mashabiki wa Liverpool humu mnaweza kunithibitishia.

#11 Mchangiaji

Nakuthibitishia kwa uchungu. Suárez alifunga faulo tamu siku ile lakini haikutosha.

Swali langu toka Mombasa: timu ya taifa je? Mbona twamkumbuka kwa penalti ya Uhispania peke yake?

#12 Mleta uzi

Hapo ndugu yangu wa Mombasa umegusa kidonda, na nitakaa hapo kidogo.

Euro 2008, Vienna, robo fainali, Italia na Uhispania 0-0 baada ya dakika 120. Kwenye penalti De Rossi alikuwa ameshakosa. Kisha Buffon akapangua ya Güiza, matumaini yakafufuka. Aliyefuata ni Di Natale. Akifunga wako sawa. Iker Casillas akaidaka. Cesc Fàbregas akapiga ya mwisho, Uhispania wakaenda mbele na kuchukua kombe, na zama zao zikaanzia usiku ule.

Kombe la Dunia 2010 hapa hapa Afrika, kocha Lippi alimpa jezi namba 10. Italia, bingwa mtetezi, ilicheza vibaya mno. Mechi ya mwisho ya kundi pale Ellis Park, Johannesburg, Slovakia ikiongoza 2-0, Di Natale akafunga dakika ya 81. Slovakia wakaongeza, Quagliarella akafunga lile bao la ajabu la kudokoa toka mbali, ikaisha 3-2. Italia nje, mkiani mwa kundi.

Halafu Euro 2012, na hapa ndipo ninapoomba haki. Tarehe 10 Juni, Gdańsk, Uhispania tena, bingwa wa Ulaya na wa Dunia. Balotelli alikuwa amepata nafasi akiwa peke yake, akachelewa mpaka Ramos akamfikia. Kocha Prandelli akamtoa, akamwingiza Totò. Dakika tano hazijaisha, Pirlo akageuka, akapenyeza mpira kati ya mabeki, Di Natale akakimbia nyuma yao na kuukunja kumpita Casillas yule yule. Moja bila. Fàbregas yule yule akasawazisha dakika tatu baadaye. Uhispania walicheza mechi sita kwenye mashindano yale wakaruhusu bao moja tu. Bao hilo ni la Antonio Di Natale, mwenye miaka 34, anayechezea Udinese.

Fainali ya Kyiv aliingia mwanzo wa kipindi cha pili, akapata nafasi mbili, Casillas akamshinda moja. Thiago Motta akaumia baada ya nafasi za kubadilisha kuisha, Italia wakabaki kumi, ikawa 4-0. Huo ndio ukawa mwisho wake na jezi ya bluu: mechi 42, mabao 11.

Ukikumbuka penalti ya Vienna, kumbuka na Gdańsk.

#13 Mchangiaji

Dada mmoja humu aliwahi kugusia habari ya Di Natale na mchezaji aliyefia uwanjani. Unaifahamu mkuu?

#14 Mleta uzi

Naifahamu, na bila hiyo uzi huu ungekuwa pungufu.

Piermario Morosini alikuwa kiungo aliyekuwa mali ya Udinese, akicheza kwa mkopo Livorno. Tarehe 14 Aprili 2012 alianguka uwanjani Pescara, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 25. Mechi zote za Italia wikiendi ile zikaahirishwa. Kijana yule alikuwa ameshazika mama, baba na kaka yake. Alibaki na dada mmoja tu mwenye ulemavu, na yeye ndiye aliyekuwa tegemeo lake.

Di Natale akajitokeza na kusema dada huyo hataachwa peke yake, kwamba yeye na wenzake wa Udinese watabeba jukumu la kumtunza. Hakukuwa na undugu wa damu hapo. Nahodha aliona mwenzake wa kazi ameacha mtu nyuma.

Naileta habari hii kwa sababu mchangiaji hapo juu alisema kukataa Juventus ni kuogopa. Mimi naona ni tabia ile ile moja. Mtu anayehesabu klabu kama watu wake anaamua namna hii kwenye mkataba, na anaamua namna hii kwenye msiba.

#15 Mchangiaji

Nimesoma hapo nikanyamaza kidogo. Mimi ndiye niliyesema anaogopa ushindani. Bado nashikilia kwamba mchezaji mkubwa atafute makombe, hilo silibadilishi. Lakini neno la kuogopa nalifuta. Endelea mkuu, mwisho wake ulikuwaje?

#16 Mleta uzi

Asante ndugu, na huo ndio mjadala ninaoupenda.

Mwisho wake ulichelewa, kama mwanzo wake. Mwanzoni mwa 2014 alitangaza kwamba msimu ukiisha anatundika daluga. Mechi ya mwisho dhidi ya Sampdoria akafunga matatu, sare 3-3. Mtu anayefunga matatu hastaafu, akabadili mawazo. Novemba 2014 akafunga bao lake la 200 la Serie A dhidi ya Chievo, akamaliza msimu huo na 14 akiwa na miaka 37. Niseme na hili pembeni: msimu huo huo Luca Toni wa Verona, naye wa mwaka 1977, alikuwa mfungaji bora pamoja na Mauro Icardi, mabao 22 kila mmoja. Kizazi kile kilikuwa na chuma ndani yake.

Msimu wa 2015/16 mwili ulikataa, mabao mawili tu. Lile la mwisho lilikuwa penalti, Mei 2016, nyumbani dhidi ya Carpi, mechi waliyopoteza 2-1. Toni alistaafu mwezi huo huo. Jumla ya Totò kwa Udinese, mashindano yote, ni mabao 227, na 191 kati ya hayo ni ya Serie A.

Baadaye akaingia kwenye ukocha. Mwaka 2021 akaichukua Carrarese ya Serie C, akimrithi Silvio Baldini, yule yule aliyemlea Empoli. Haikudumu. Kwenye ukocha bado sina la kumsifia.

#17 Mchangiaji

Uzi bora wa mwezi huu kwangu. Mkuu, kwa sisi tusiomwona akicheza, tuanze na mechi zipi? Bando ni la kuhesabu.

#18 Mleta uzi

Kama bando ni dogo, anza na Palermo 0-7 Udinese, Februari 2011. Usitazame mabao tu, tafuta mechi ndefu uone Sánchez anavyomfungulia njia. Ya pili ni Italia na Uhispania ya Gdańsk, anzia dakika ya 55 anapoingia. Ya tatu ni Anfield 2012, uone mtu wa miaka 34 anavyowachezesha kwata mabeki wa Liverpool kwao.

Likibaki bando, tafuta mkusanyiko wa mabao 29 ya 2009/10, na kila bao lirudishe nyuma sekunde tatu, uangalie amesimama wapi kabla pasi haijapigwa. Mwenye mtoto anayecheza namba 9 amkalishe karibu.

Kesho nikipata nafasi nitaweka wa Gigi Riva na Cagliari, kwa sababu naye aliikataa Juventus, na yeye ubingwa aliupata huko huko alikobaki, mwaka 1970. Yule mpenda makombe asikose.